Nusura Niliue Ua la Mama!

Jamani, mapenzi bila maarifa yanaua! Marehemu mama aliniachia fikasi moja kwenye chungu. Nilipopaka rangi chumba, nikaifungia stoo wiki mbili, namwagilia kila siku, eti naitunza. Majani yakawa njano, yakapukutika. Kwa kiwewe nikaitoa juani saa sita mchana. Machache yaliyobaki yakaungua.

Muuza miche wa kando ya barabara akanicheka: "Dada, mwanga ndio chakula cha mmea. Gizani haunywi maji mengi, ukizidisha mizizi inaoza. Ungeuweka karibu na dirisha. Na ukiutoa ndani, anzia kivulini, juani polepole."

Leo fikasi ina vichipukizi vitatu. Nikivitazama, machozi yananilengalenga. Stoo ni ya ndoo na mafagio, siyo ua la mama!