Mtoto Husema Mashua Ikienda Polepole

Wengi wetu tunamjua mtoto aliyekuwa msemaji sana nyumbani, kisha akafika miaka 13 au 14 akawa mtu wa neno moja. Ukimwuliza habari za shule, anajibu "nzuri". Ukimwuliza ana nini, anajibu "sina kitu". Mama hubaki akipika, akifua na kumwombea, lakini hajui kilichomo moyoni mwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mwezi huu napenda kuwashirikisha jambo ambalo sikulipata katika chuo cha uuguzi. Nililipata katika mashua ndogo, nikivua samaki pamoja na mwanangu.

Familia yetu ilitoka Iringa, na sasa tunaishi katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Walutheri wa eneo la Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wana ushirikiano uitwao Bega kwa Bega tangu mwaka 1987, kwa hiyo hatukukosa watu wa kutupokea. Minnesota ni nchi ya maziwa. Yako zaidi ya 10,000. Mengine ni makubwa, na mengine ni madogo kiasi kwamba kwetu tungeyaita mabwawa tu. Wenyeji wanampenda mno samaki mmoja aitwaye wolai, hata mwaka 1965 wakamfanya kuwa samaki wa jimbo lao. Ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, meno makali, na nyama nyeupe isiyo na miiba mingi.

Jina lake limetokana na macho yake. Ndani ya jicho la wolai kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama vile macho ya paka yanavyong'aa gizani. Kwa sababu hiyo huona vizuri mahali penye mwanga hafifu, na jua kali la mchana humfanya ajifiche kwenye kina au kivulini. Anayemtaka wakati wa kiangazi humfuata alfajiri au jioni. Huku mwezi wa Juni jua huzama yapata saa tatu usiku, hivyo mama anaweza kutoka kazini, akapika, watu wakala, na bado akapata muda wa kwenda ziwani.

Katika kiangazi cha mwaka 2023 mzee mmoja wa usharika wetu na mkewe walituazima mashua yao ya bati jepesi, yenye injini ndogo ya betri isiyo na kelele. Mume wangu huendesha lori la mizigo, na majira yale alikuwa safarini sana. Tukawa tunakwenda wawili, mimi na kijana wetu wa miaka 14. Leseni ya uvuvi huku ipo hata ya mume na mke kwa pamoja, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 hahitaji leseni. Kila mmoja wetu alivaa jaketi la kujiokolea kabla ya kuingia mashuani. Katika hilo sikukubali mjadala.

Uvuvi wenyewe ni wa kukokota ndoano. Unaweka chambo, kwetu walikuwa nyungunyungu, juu yake unafunga kijibati kinachozunguka na kumetameta majini, pamoja na chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi. Unaachia mshipi mita 20 au 30 nyuma ya mashua, kisha mashua inakwenda polepole sana, kama kilomita 2 kwa saa. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani angeipita. Ukiongeza mwendo, chambo hupanda juu na kumwacha samaki chini. Ukisimama, chambo huzama na ndoano kunasa kwenye majani ya ziwani. Kwa hiyo huwezi kukimbia wala kusimama. Mmoja hukaa nyuma akiongoza, mwingine hukaa mbele akiangalia mishipi. Mimi niliongoza, na kijana akakaa akiwa amenipa mgongo.

Jioni mbili za kwanza hatukupata samaki wala maneno. Tulipata mbu tu, ingawa huku hawana malaria. Jioni ya tatu tulikuwa tumezunguka ziwa mara mbili, maji yametulia, giza linaanza kuingia. Kijana akasema bila kugeuka, "Mama, mimi sikumtupia Bibi udongo."

Hapa sina budi kuwaeleza habari za huyo Bibi. Ni mama yangu mzazi, na ndiye aliyemlea kijana wangu mpaka alipofika miaka 8, kijijini Migoli, karibu na bwawa la Mtera. Alikuwa akiuza perege wa kukaanga, na mjukuu wake ndiye aliyempelekea kuni. Bibi alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati safari za ndege zilipokuwa zimesimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Tulihudhuria mazishi kwa simu. Mtandao haukuwa na nguvu za kutosha kuona picha, basi tukasikiliza. Tulisikia kwaya, tukasikia mchungaji, kisha tukasikia udongo ukianguka juu ya jeneza. Kijana wangu alikuwa na miaka 11, ameketi kando yangu, kimya.

Miaka mitatu baadaye, pale ziwani, ndipo alipoyasema. "Wote walitupa udongo. Mimi nilisikia tu. Tangu siku ile nikitaka kusali naona kama nasikia ule udongo, halafu siwezi kuendelea."

Dada zangu, ninyi mnaujua moyo wa mama. Nilitaka kuinuka nimkumbatie. Nilitaka kumwambia kwamba Bibi amepumzika na kwamba Mungu anaelewa. Lakini mashua ndogo haina nafasi ya mtu kuinuka ghafla, na nikiacha usukani mishipi itanasa. Nikasema tu, "Nakusikia, baba," nikaendelea kuongoza. Naye akaendelea kusema. Alinieleza jinsi Bibi alivyokuwa akimpa kipande cha mkia kwa siri. Alinieleza jinsi alivyoahidi kurudi kumwona, na jinsi alivyokasirika na Mungu, na kuogopa kuniambia kwa kuwa mimi ni mtumishi kanisani. Tulizunguka ziwa mara nyingine mbili. Machozi yangu yalinitiririka, naye hakuyaona, na nadhani ilikuwa heri hivyo. Jioni ile nayo tulirudi bila samaki.

Nimeitafakari mara nyingi Injili ya Yohana sura ya 21. Petro alikuwa amemkana Bwana wake, na alikuwa na jambo zito moyoni. Wanafunzi walivua usiku kucha wasipate kitu. Bwana alipowatokea ufukweni, aliwaandalia moto wa makaa, samaki na mkate, akawalisha. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza Petro habari za upendo. Chakula kilitangulia, swali likafuata. Naona katika sura ile malezi ambayo mama yeyote anaweza kuyafuata.

Wiki iliyofuata tulipata wolai wawili, mmoja wa kila mtu. Kijana aliwasafisha mwenyewe, akawapaka chumvi, akawakaanga wakavu kama perege wa Bibi yake, nami nikasonga ugali. Kama muuguzi naongeza neno moja: wolai, kama samaki wengi walao wenzao, huwa na zebaki mwilini, na walio wakubwa huwa nayo zaidi. Wataalamu wa afya wa Minnesota huwashauri wajawazito na watoto wale samaki huyo kwa kiasi, na wachague walio wadogo. Basi mlo wetu ulikuwa wa furaha, lakini haukuwa wa kila siku.

Mwaka 2024 tulifanikiwa kusafiri nyumbani. Kaburi la Bibi lilikuwa limekwisha kujengewa. Kijana aliinama, akachukua udongo wa pembeni, akaumwaga taratibu juu ya saruji, akasimama muda mrefu. Sikumsikia akisema neno. Hajaniambia kwamba maswali yake kwa Mungu yamekwisha, nami sijamwuliza. Ila naona kwamba wakati wa sala ya jioni haondoki tena mezani.

Mama mpendwa unayesoma haya, huenda hujawahi kuona mashua, na wolai hayumo katika maji ya kwetu. Lakini mahindi ya kupukuchua yapo. Maharage ya kuchambua yapo. Ipo njia ya kwenda kisimani, na vipo vyombo vya kuosha baada ya chakula. Mwite mtoto mfanye kazi hiyo pamoja, mkiwa mmekaa upande kwa upande. Mtoto mkubwa huona vigumu kusema huku mama amemkazia macho usoni. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kutazama, moyo hupata ujasiri. Zima simu na redio. Usitegemee siku ya kwanza wala ya pili. Akianza kusema, usikimbilie kumhubiria, wala usinyamaze kana kwamba hukusikia. Mjibu kwa maneno machache, kisha mwendelee na kazi, kwa mwendo ule ule.

Aidha, liko jambo ambalo halingoji subira. Mtoto akisema hataki tena kuishi, akijidhuru, au akikaa siku nyingi bila kula wala kulala vizuri, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mweleze mhudumu maneno yenyewe aliyoyasema. Kumpeleka kwa mganga wa hospitali si upungufu wa imani. Maombi na matibabu huenda pamoja.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi naongeza kwamba mvumilivu haketi bure. Anaendelea na kazi yake polepole, sikio likiwa wazi. Leo jioni mwite mmoja wa watoto wako jikoni, mpe kisu na viazi, ukae kando yake. Mungu awape akina mama wote masikio ya kusikia watoto wao.