Nia na Ndia: Safari ya Tasnifu Moja ya Uzamili

Miongoni mwa maandishi yote yanayotungwa kwa Kiswahili nchini Kenya, yamkini tasnifu ndiyo yenye wasomaji wachache mno. Husomwa na msimamizi, pengine wawili. Husomwa na watahini. Kisha hujalidiwa kwa jalada gumu, jina la mwandishi likachapwa mgongoni kwa herufi za dhahabu, na kupangwa rafuni. Mwandishi huvaa joho siku moja, akarudi kazini. Hali hii imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa swali ambalo katika kazi nyingine za fasihi huulizwa mwanzo: je, kazi hii imeandikiwa nani? Katika tasnifu za fasihi simulizi na za ushairi wa mapokeo, swali hilo lina pacha wake: aliyeyatoa maneno yanayohakikiwa ana nafasi gani katika uhakiki huo? Safari ya mwanafunzi mmoja wa uzamili yaweza kuliangaza suala hili pengine kuliko ufafanuzi mrefu wa kinadharia.

Safari hiyo ilianzia Kahawa, kando ya barabara iendayo Thika, kiasi cha kilomita 16 kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Mahali hapo palikuwa kambi ya wanajeshi wa Kiingereza iliyoitwa Templer. Mwaka 1965 kambi ilikabidhiwa serikali ya Kenya huru, ikageuzwa chuo. Ilipofika mwaka 1970 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Si mjini wala si shamba. Upande mmoja wapo Githurai na kelele za soko lake. Upande wa pili Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, majina yanayokumbusha mashamba ya kahawa yaliyotangulia nyumba za ghorofa. Tangu barabara ilipokamilishwa kupanuliwa mwaka 2012, magari hupita hapo kwa kasi, na msomi wa jioni hushuka kwenye matatu akiwa bado na vumbi la chaki mikononi.

Mwanafunzi anayezungumziwa hapa alikuwa mmoja wa wasomi hao wa jioni. Alikuwa mwalimu wa shule ya upili upande wa Ruiru, mama wa watoto wawili, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani: safi, sanifu, chenye hofu ya kukosea. Alikuwa zao la mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Aliipenda lugha kwa namna ambavyo mtu hupenda nyumba aliyokaribishwa akiwa mkubwa. Aliijua milango yote, lakini hakuzaliwa chumba chochote. Insha za wanafunzi wake alizisahihisha garini, na vitabu vya nadharia akavisoma usiku baada ya watoto kulala.

Mada yake ilikuwa maudhui ya mawaidha katika tendi za wanawake. Kama ilivyotarajiwa, alianza na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake. Hata hivyo, msimamizi wake alimtaka atafute pia sauti iliyo hai. Hivyo basi, likizo ya Agosti ilipofika, akiwa na kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, alipanda basi hadi Mokowe, akavuka kwa mashua hadi Lamu. Katika mtaa wa Langoni alipelekwa kwa bibi mmoja ambaye, iliambiwa, alikuwa ametunga utendi wa beti 86 kumwaga mjukuu wake aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi.

Kwa siku 4, baina ya alasiri na magharibi, bibi alighani na mwanafunzi akanasa sauti yake kwa simu. Baada ya hapo alirudi Ruiru, akasikiliza, akanakili, akahakiki. Alifuata desturi aliyoikuta katika vitabu vya mbinu za utafiti: majina ya wahojiwa yalifichwa, kila mmoja akapewa namba. Bibi wa Langoni akawa Mhojiwa Namba 3. Kwa kuwa beti mbili za mwisho zilitaja jina la mtunzi, mwanafunzi aliziondoa, akieleza katika tanbihi kwamba ni beti za kikanuni zisizoathiri maudhui.

Sura ya nne ndiyo iliyompa fahari. Katika ubeti wa 31 bibi alimwamuru mjukuu ashike kitu fulani asikiache, na mwanafunzi alisikia kwamba kitu hicho ni "nia". Juu ya neno hilo alijenga kurasa 2 na nusu: nia katika mafunzo ya Kiislamu, nia kama msingi wa ibada, nia kama uti wa mgongo wa maadili ya utendi mzima. Ilikuwa hoja nadhifu, yenye marejeleo ya kutosha. Msimamizi aliisoma, akaisifu, kisha akauliza swali ambalo halikuwa la kinadharia.

"Mwalimu, bibi umemsomea haya?"

"Hapana, Daktari. Nilidhani nitampelekea nakala baada ya kuhitimu."

"Baada ya kujalidi hutakuwa ukimsomea. Utakuwa ukimwarifu."

Mwezi wa Desemba, kwa nauli aliyoikopa katika chama cha akina mama, mwanafunzi alirudi Lamu na rasimu yake mkobani. Bibi alisikiliza akiwa ameegemea mto, huku macho ameyafumba. Ulipofika ubeti wa 31 aliyafumbua.

"Si nia, mwanangu, ni ndia. Nia Mngu aiyua. Ndia ndiyo nimuonyeshao mwana."

Ndia, yaani njia kwa Kiamu. Bibi hakuwa akifundisha elimu ya dini katika ubeti huo. Alikuwa akimwambia mjukuu aikumbuke njia aliyoondokea, ili siku ya kurudi asipotee. Ikumbukwe kwamba si vina wala mizani ambavyo vingeweza kulifichua kosa hilo. Maneno yote mawili yana mizani 2, na yote huishia kwa sauti zile zile. Mhakiki angaliweza kuuhesabu ubeti mara 100 asione dosari. Aliyeweza kuiona alikuwa mtu mmoja tu, naye hakuwa katika orodha ya watahini.

Usomaji ulipokwisha, bibi alinyamaza kidogo akingojea. Kisha akauliza: "Na ina langu li wapi?"

Mwanafunzi alijaribu kueleza desturi ya kuficha majina, kwamba ni kwa faida na usalama wa msemaji mwenyewe. Bibi alisikiliza kwa adabu. Hakugomba. Alizighani tena zile beti mbili za mwisho, zenye jina lake, jina la baba yake, mwezi na mwaka wa kutunga na idadi ya beti, polepole, kama mtu anayemwimlia mtoto imla.

Hapa ndipo lilipo kiini cha mjadala. Ni kweli kwamba kuficha jina ni kanuni yenye hekima. Anayesimulia maradhi yake, ugomvi wa ndoa yake au madhila aliyotendewa anastahili kusitiriwa, na mtafiti asiyemsitiri humdhulumu. Lakini mtunzi si mhojiwa wa namna hiyo. Katika mapokeo ya tendi, kujitaja ni sehemu ya utunzi wenyewe. Mwana Kupona alilitaja jina lake, akaitaja Pate alikozaliwa, akaitaja tarehe kwa mwaka wa 1275 wa Hijria. Jina katika beti za tamati ni kama sahihi chini ya hati: humtambulisha mwenye kauli, na humwajibisha. Kumgeuza mtunzi kuwa namba si kumsitiri, ni kumnyang'anya. Fauka ya hayo, ili namba ikae, ilibidi utendi ukatwe miguu. Tasnifu iliyodai kuhifadhi utendi wa mwanamke ilianza kwa kulifuta jina la mwanamke.

Historia ya ushairi wa Kiswahili ina mfano unaofaa kukumbukwa. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikuwa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya katika karne hiyo hiyo na kumfafanulia mmisionari Mwingereza, William Taylor. Hati zao zilikwenda Uingereza, nazo zimehifadhiwa London. Diwani ya Muyaka ilipohaririwa na William Hichens mwaka 1940 ilichapwa Johannesburg. Pasingekuwa na kazi hiyo, mengi yangalipotea; hilo halina ubishi. Hata hivyo, ilibidi msomaji wa Mombasa aagize kutoka Afrika Kusini maneno yaliyotoka mtaani kwake. Mohamed Abdulaziz alipochapisha Nairobi mwaka 1979 kitabu chake juu ya Muyaka, mashairi hayo yalipiga hatua kubwa kurudi karibu na kwao. Kutoka Langoni hadi Kahawa si mbali kama kutoka Mombasa hadi London. Lakini kwa bibi asiyepata kufika Nairobi, rafu ya Kahawa na rafu ya London ni umbali mmoja.

Mwanafunzi alirudi bara na kazi mpya. Kurasa 2 na nusu za nia zilifutwa. Sura ya nne ikaandikwa upya, sasa ikijikita katika taswira ya njia, ambayo ilibainika kuwa imeshona utendi mzima kuanzia ubeti wa 5. Bibi alitoa idhini ya jina lake kwa maandishi, idhini ikaambatishwa. Beti mbili zikarejeshwa mahali pake. Haya yote yalikuwa na gharama. Mahafali yaliyokuwa karibu yalimpita, karo ya muhula mwingine ikalipwa kwa mkopo, na nafasi ya ukuu wa idara pale shuleni, iliyokuwa ikisubiri shahada yake, ikapewa mwingine. Hakuna mtahini aliyejua kwamba sura waliyoisifu iliwahi kuwa na sura nyingine, iliyopendeza vile vile na iliyokuwa ya uongo.

Hilo la mwisho ndilo linalostahili kutafakariwa katika idara zote zinazofunza uzamili. Nadharia humsaidia mhakiki kuona mengi, lakini haina uwezo wa kumwambia kwamba amesikia vibaya. Hoja nadhifu juu ya neno lisilokuwapo haitofautiani, kwa umbo, na hoja nadhifu juu ya neno lililotamkwa. Kwa hiyo, kumrejelea mtunzi si hisani wala shukrani ya ukurasa wa tabaruku. Ni sehemu ya utafiti, na mahali pake ni kabla ya jalada. Wapo watunzi waliokwisha kufariki, ambao mhakiki hana budi kubahatisha mbele ya kimya chao. Walio hai hawana sababu ya kutendewa kama wafu.

Tasnifu ilijalidiwa katika nakala za idara na maktaba, na nakala moja zaidi iliyopelekwa Langoni. Katika nakala hiyo, bibi alimwomba mjukuu wake, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Mombasa, amfungulie ukurasa wa mwisho wa kiambatisho na kumsomea beti mbili za tamati. Alizisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia arudi ubeti wa 31.