Mwenzetu wa 48

Sisi wa darasa la tano tunataka kueleza namna tulimupoteza mwenzetu mumoja, na kumbe tulikuwa naye darasani kila siku.

Tulipewa kazi ya kuandika programu ndogo katika lugha C. Isome majina yetu 48, tuliyoyapanga kuanzia namba 1, na kuandika wale waliolipa franga za mtihani. Umeme ulirudi saa nane, basi tuliandika mbio mbio:

for (i = 1; i < 48; i = i + 1)

Liste ikatoka, ikabandikwa ku mlango. Kesho yake mwenzetu wa mwisho, ambaye jina lake linaanza na Z, akaambiwa arudi kutafuta franga. Alikuwa amelipa zamani! Akaenda kwao Bagira kwa miguu, na mvua juu yake.

Tulibishana sana. Wengine walisema ordinatere imeharibika (ordinatere haiwezi kujitetea). Mwishowe mumoja wetu akashika chaki. Ndani ya mabano mna sehemu tatu, zinatengwa na nukta-mkato, nasi tulizisoma kama zinafuatana moja kwa moja. Sivyo. Ya kwanza inafanyika mara moja tu. Ya pili ni swali, linaulizwa mbele ya kila zamu. Ya tatu inangoja kazi iishe, ndipo inaongeza moja, na swali linarudi. Ni sawa vile kuchota maji ku ziwa wakati robine zimekauka: unaangalia pipa kwanza, kama halijajaa, unashuka na bidoni, unapanda, unamwanga, unachora alama moja ya makala ku ukuta, kisha unaangalia pipa tena.

Sasa i ilipofika 48, swali likawa: 48 ni ndogo kuliko 48? Hapana. Ikatoka, bila kumusoma Z.

Kosa tulilitoa wapi? Katika kaye yetu ya Kifaransa tumeandika « pour i de 1 à 48 », na 48 yenyewe inahesabiwa. Ni vilevile katika Pascal, lugha ya Niklaus Wirth wa Uswisi, ya mwaka 1970. Lakini katika C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie kule Marekani mnamo 1972, kuhesabu nafasi kunaanza na 0; ndiyo sababu vitabu vinaandika i = 0; i < 48, na zamu zinatimia 48. Sisi tulichukua mwanzo ku kaye, mwisho ku kitabu.

Tuliweka <= pahali pa <, na jina likaonekana chini kabisa. Wawili wetu tukaipeleka liste Bagira, tukaomba musamaha mbele ya mama yake. Yeye hakukasirika. Alisema tu kwamba tangu darasa la kwanza anaitwa wa mwisho, na aliomba siku moja tuanzie chini. Tumeiandika:

for (i = 48; i >= 1; i = i - 1)

Siku ya Kwanza asubuhi, ataitwa yeye mbele.