Siku Tatu Paje, Zanzibar

Paje iko mashariki mwa kisiwa cha Unguja. Tulilala kwenye banda la makuti: kitanda cha kamba, chandarua, ndoo ya maji yenye chumvi kidogo. Feni hakuna. Upepo wa kusi, unaovuma kati ya mwezi wa sita na wa tisa, ulipita ndani usiku kucha, na mdogo wangu alikohoa mpaka asubuhi. Mkienda, chukueni sweta, hata mkiambiwa pwani ni joto.

Upepo huo ndio unaoleta vijana wa Ulaya na mbao zao, chache za tanga, nyingi zinazovutwa na tiara kubwa. Mwamba ulio mbali huvunja mawimbi, maji ya ndani hubaki matulivu.

Lakini maji hayo ni shamba pia. Yakipwa, wanawake huenda mbali kufunga mwani kwenye kamba na vigingi. Mama mmoja alinionyesha kamba yake iliyokatwa na ubao. Hana ugomvi na wageni, alisema. Wapite tu kando, maana ada ya shule inatoka pale.

Kijana wangu alitaka kujaribu ubao. Nilimwambia asubiri maji yajae, aingie kule kusiko na vigingi. Kwa yule mama nilinunua sabuni za mwani, vipande vinne.