Pedali ya Breki Inapobonyea Kama Godoro

Mimi ni afisa ugani, au Bwana Shamba, kama wengi mnavyoniita. Watu hunijua kwa mbegu, mbolea na migomba. Lakini mkulima akivuna, mazao yake lazima yafike sokoni. Huku kwetu Kigoma, kufika sokoni mara nyingi ni kuteremka mlima. Ndiyo maana leo naandika habari za breki.

Kalinzi ni nchi ya kahawa na ndizi. Kutoka huko barabara huteremka mpaka Mwandiga, kisha unaingia Kigoma mjini au Ujiji, chini kando ya Ziwa Tanganyika. Gari lenye mzigo likiwa katika mteremko ule, roho za watu zimeshikwa na breki.

Kikundi kimoja cha wakulima ninachokihudumia kina Landrova ya zamani. Ni pikapu ndefu, ile iitwayo 109. Nambari hiyo ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Gari hizi zilitoka kiwandani na breki za dramu miguu yote minne. Dramu ni kama sufuria. Ndani yake mna shuu za breki, ambazo hutanuka na kusugua ukuta wa sufuria. Katika mteremko mrefu dramu hushika moto, na breki hupungua nguvu.

Wanakikundi walichanga fedha ili miguu ya mbele ifungwe diski. Diski ni kama sahani ya chuma. Pedi mbili huibana, moja huku na moja huku, kama vidole viwili vinavyobana shilingi. Diski iko wazi, hupata upepo na kupoa upesi. Mimi naona uamuzi wao ulikuwa mzuri.

Gari liliporudi kutoka kwa fundi, pedali ilikuwa laini. Ukikanyaga inazama, inabonyea kama godoro. Ukipampu mara mbili tatu, inapanda.

"Bwana Shamba, diski ndivyo zilivyo," dereva aliniambia. "Unapampu tu, inashika."

Ndizi zilikuwa zimekwisha kukatwa, na watu walitaka kupanda juu ya mikungu. Nilisema gari lisiondoke. Mama mhazini alinikasirikia, na alikuwa na haki, maana ndizi iliyokatwa haingoji. Ilibidi wakodi gari jingine, na kodi ikala sehemu kubwa ya faida.

Nilichukua bomba la sindano, lile la kuchanjia mifugo, likiwa jipya na bila sindano. Nikalijaza maji, nikaziba tundu kwa kidole, nikamwambia dereva asukume. Halikusukumika. Kisha nikalijaza upepo, nikaziba tena. Likasukumika, na alipoachia likarudi. Hapo wote walielewa. Ndani ya paipu za breki mna oili maalumu. Oili haibanwi. Unachokisukuma kwa mguu kinafika kwenye gurudumu. Lakini upepo ukiingia, mguu wako unabana upepo kwanza, na gurudumu linapata kidogo.

Tulitafuta bila haraka. Pedali ikizama polepole mpaka chini huku umeikanyaga, shaka kuna mahali panapovuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Yetu haikuzama hivyo. Pedali ikiwa chini lakini ngumu, huenda shuu za nyuma ziko mbali na dramu. Mipira ya paipu nayo ikizeeka hutuna mtu akikanyaga. Tulimweka kijana aiangalie na kuishika. Haikutuna. Tukabaki na upepo, ingawa fundi alisema amekwisha kuutoa.

Aliyeona alikuwa dereva mwenyewe. Kifaa kinachoshika pedi huitwa kalipa, na kina kiskurubu cha kutolea upepo. Kiskurubu hicho lazima kiwe juu, kwa kuwa upepo hupanda juu ya oili, kama povu katika kibuyu. Kwetu vilikuwa chini, kushoto na kulia. Kalipa ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia! Ungetoa upepo mwaka mzima, ungetoka oili tu.

Fundi aliitwa, akazibadilisha. Kisha tukatoa upepo upya, tukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda na kumaliza na lililo karibu. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia. Mwingine anafungua kiskurubu, oili na mapovu vinatoka kwa mpira mwembamba hadi ndani ya chupa, halafu anafunga. Baada ya kufunga ndipo mguu unaachia. Mtu wa tatu anaangalia kikopo cha oili kisikauke, maana kikikauka upepo huingia tena na kazi inaanza upya.

Mzee mmoja aliuliza kama oili ikipungua njiani anaweza kuongeza mawese, kwa kuwa ndiyo mafuta tuliyo nayo tele. Hapana, mzee wangu. Mawese huganda asubuhi ya baridi. Oili ya injini na dizeli nazo huharibu mipira ya breki. Tia oili ya breki tu, ya kopo lililofungwa. Ikikaa wazi hunywa unyevu wa hewa. Ile iitwayo DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanywa maji yaweza kuchemka karibu na nyuzi 140. Ikichemka mlimani, mvuke hufanya kama upepo, na pedali inakuwa godoro katikati ya mteremko.

Jioni pedali ilisimama juu, ngumu. Tulikaza kidogo shuu za nyuma, tukajaribu gari kwenye uwanja tambarare, kwanza tupu, halafu na mifuko ya mchanga. Siku ya soko iliyofuata liliteremka na mikungu, gia ya pili tangu juu. Abiria walipanda basi, na mama mhazini alikaa mbele karibu na dereva, akiuangalia mguu wake.