Nyumba ya Mbao Nayo Ipumue

Wazee wetu hawakuhitaji kuweka bomba la hewa. Nyumba ya mviringo ya miti na udongo, yenye paa la majani, ilipumua yenyewe. Moto uliwaka katikati, moshi ukapanda na kupita polepole katika majani. Njiani ulikausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu na kufukuza wadudu wanaokula paa. Macho yaliwasha, tusidanganyane, na kikohozi kilikuwepo. Lakini hewa ilikuwa na njia.

Leo hapa Nyakasanza tunajenga kwa matofali, na mwenye haraka au mfuko mwepesi anajenga kwa mbao za msituni, upande wa Mambasa. Juu mabati, chini yake plafon. Mbao zikikauka zinaachana, basi tunaziba kila ufa kwa karatasi na makartoni, sababu Bunia iko karibu mita 1,300 juu ya bahari na baridi ya usiku inauma. Halafu kuna woga. Vita vya 1999 hadi 2003 vilitufundisha kufunga, na mpaka leo tundu lolote ukutani tunaliona kama mlango wa mwizi.

Sasa ni ndani ya sanduku hilo ndimo tunaingiza mbabula mvua ikinyesha. Makala hayatoi moshi mwingi, ndiyo maana tunayaamini. Kumbe yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, anajilaza kidogo, haamki. Asubuhi watu wanaanza kutafuta mchawi.

Kazi yenyewe si kubwa kwa fundi wa mbao. Atoboe tundu moja chini, karibu na sakafu, na lingine juu, upande wa pili wa chumba. Hewa ya moto inapanda inatoka, ya baridi inaingia kushika nafasi yake. La juu litiwe bomba linalovuka plafon mpaka nje kabisa. Likiishia chini ya mabati, mvuke unabaki pale na kuozesha mbao. Mdomo wake uinamishwe, mvua isiingie. Bomba la plastiki ni la hewa tu. La moshi liwe la bati, na lisiguse mbao. Hata hivyo, mbabula yenye moto isilale ndani pamoja na watu.

Tundu la upana wa kiganja halipitishi mwizi. Mbu anazuiwa na wavu, nao upigwe burashi mara kwa mara wakati wa kiangazi, maana vumbi letu jekundu linauziba upesi.