Niliwaambia Mtandao Unasumbua

Mwaka 2017 nilichukua fedha za kikoba chetu bila ridhaa ya mtu, nikanunulia hisa za kampuni ya simu. Kikoba ni cha wanawake wa mtaa wetu hapa Lizaboni, Songea, na mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Nalitanguliza hilo ili anayesoma ajue anamsikiliza nani.

Hapo awali fedha zetu zilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo zilishikwa na watu watatu. Nilipofungua kibanda cha uwakala wa fedha za simu, wenzangu waliona ni salama zaidi zikae kwenye laini yangu kuliko kwenye sanduku ambalo mwizi anaweza kulibeba. Sanduku likawekwa juu ya kabati. Namba ya siri niliijua peke yangu, na hakuna aliyeona tatizo, mimi wa kwanza.

Kibanda cha uwakala ni mahali pa maneno. Wateja wakisubiri ujumbe uingie huzungumza, na miaka ile mazungumzo yalikuwa ya kampuni za simu. Tulikwishaona Celtel ikiwa Zain mwaka 2008, na Zain ikiwa Airtel mwaka 2010, baada ya Bharti ya India kununua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Mwaka 2015 ikaja Halotel ya Wavietinamu, na minara ikasimama hata kwenye vijiji ambako watu walikuwa wakipanda kilimani kutafuta mawimbi. Nikasikiliza yote hayo, nikajijengea imani: penye mnara mpya pana fedha, na kampuni ikiuzwa au ikiungana na nyingine, mwenye hisa anatajirika. Hakuna aliyenidanganya. Nilichagua maneno niliyoyapenda, mengine nikayaacha yapite.

Sheria ikazitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom ikatangulia. Machi 2017 ilitoa hisa 560,000,100, kila moja kwa shilingi 850, na mwanzoni walioruhusiwa kununua walikuwa Watanzania tu. Waraka wa matarajio, ule unaomweleza mnunuzi hali ya kampuni, ulikuwepo. Sikuusoma. Nilikuwa na akiba yangu ya shilingi laki tano. Nikaongeza 1,200,000 za kikoba, nikachukua hisa 2,000. Mauzo yalipangwa kufungwa Aprili. Niliwaza kwamba bei itapanda, nitauza, nitarudisha fedha za wenzangu kabla ya msimu wa mbolea, na faida itabaki kwangu.

Aprili mauzo hayakufungwa. Muda uliongezwa, baadaye na wageni wakaruhusiwa kununua, na hisa zikaanza kuuzwa sokoni tarehe 15 Agosti. Siku za mwanzo ningeweza kuuza nikarudisha fedha za watu. Nikangoja, kwa sababu faida ambayo sikuwa nayo nilikwisha kuigawa kichwani: bati za nyumba, ada, friji. Novemba ikanikuta hivyo hivyo.

Anayelima mahindi huku kwetu anajua Novemba ni nini. Mvua zinakaribia, kila mtu anatafuta mbolea ya kupandia, na aliyechelewa huona hasara yake tangu mahindi yakiwa usawa wa magoti. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa amepitishiwa mkopo na kikoba. Akaja dirishani kwangu kuchukua fedha zake. Nikamwambia, "Mtandao unasumbua, mama. Rudi kesho." Akaamini, maana mtandao husumbua kweli. Kesho yake akarudi, nikarudia maneno yale yale. Akaja tena. Hakuninung'unikia. Alisema, "Pole, mama, kazi yako nayo ni ngumu," akakunja mfuko wake mtupu, akauweka kwapani, akaenda zake.

Simu yangu ilikuwa na mawimbi yote. Pole ile ilinikosesha usingizi kuliko deni lenyewe. Kesi ningeweza kuitafutia maneno, lakini mtu ananionea huruma kwa uongo niliomwambia mimi! Niliomba Mungu anitolee njia nyingine, na usiku ule sikuiona nyingine zaidi ya kusema.

Jumamosi, kwenye kikao, nilisema. Mmoja alilia. Mwingine alitaka twende polisi, na alikuwa na haki. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, aliuliza mambo mawili: ni kiasi gani, na nani atakosa mbolea. Kisha akasema atauza magunia yake ya mahindi ili mjane apate mbolea, naye aliuza kweli. Hata hivyo mbolea ilifika imechelewa, na shamba lile lilizaa kidogo mwaka ule. Deni la fedha nilikuja kulilipa, lakini mavuno yale sikuweza kuyarudisha, na sijajifariji kwamba niliyarudisha.

Waliniondoa kwenye uweka hazina na sanduku likateremshwa kabatini. Nikawaomba waniondoe na uanachama pia, maana nilitaka kujificha. Wakakataa. Walisema nitalipa nikiwa nimekaa nao. Kila Jumamosi nilikaa kwenye mkeka ule ule na watu niliowaibia, wakanisalimia kama kawaida, wakaniletea uji nilipougua. Sikustahili hata kikombe kimoja.

Nililipa kwa kamisheni, kwa mahindi, na kwa kuuza hisa kidogo kidogo, maana wanunuzi sokoni walikuwa wachache. Katika miaka hiyo ndipo nilipousoma waraka, binti yangu akinieleza mahesabu. Niliona aibu kwa nilichokuta. Minara niliyokuwa nikiitazama kama mali yangu, mingi ilikwishauzwa kwa Helios Towers mwaka 2013, na kampuni ikawa inalipa kodi ya kuitumia. Na minara ya vijijini, mingi haifuati faida hata kidogo: husimama kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sababu biashara peke yake isingefika huko. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ni habari njema sana kwa mama anayejifungulia kijijini. Kwa mwenye hisa, ni habari tofauti.

Na kuuzwa kwa kampuni? Mwaka 2015 Millicom, waliokuwa wenye Tigo, walichukua asilimia 85 ya Zantel kwa dola moja, pamoja na madeni yake. Hebu fikiria, dola moja. Habari hiyo ilikuwepo kabla sijanunua chochote.

Hisa chache nilizobaki nazo zimenifundisha na hasara. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na wateja wangu wasio na namba ya NIDA wakaja dirishani na simu zilizonyamaza. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Vodacom ilitangaza hasara. Safari hiyo nililala usingizi, kwa kuwa fedha zilikuwa zangu.

Novemba 2024 Tigo ilipobadilika kuwa Yas, kibanda kilijaa maneno tena. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kama ni wakati wa kutafuta hisa, kwa kuwa kampuni inakua. Nilimweleza kwamba wenye mali walibadilika tangu 2022, ilipochukuliwa na wawekezaji wakiongozwa na Axian ya Madagaska, na kwamba kampuni hiyo haiuzi hisa zake sokoni. Kisha nikamwuliza fedha anazotaka kuwekeza ni za nani. Akanyamaza, akasema ni za kikundi chao cha kijiweni. Nikamsimulia haya yote.

Ndugu yangu, kama unashika fedha za kikundi na hujazigusa, omba mtu wa pili na wa tatu washike nawe. Kama umekwisha kuzigusa, waambie kwenye kikao kinachokuja, kabla msimu wa mbolea haujafika.